Kwa nini ilichukua miaka 11 kuziba tundu moja la Linux?

Oktoba 2016, watengenezaji wa mfumo endeshi wa Linux walitangaza kuziba tundu la usalama lililoitwa Dirty COW. Lilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujitwalia mamlaka ya kompyuta nzima. Linalotushangaza ni kwamba Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alishajaribu kuliziba mwaka 2005.

Tatizo lilikuwa nini?

Kiini cha Linux ndicho kinachogawa kumbukumbu ya kompyuta. Programu kadhaa zikisoma faili moja, huzipa ukurasa mmoja wa pamoja. Inayotaka kubadilisha kitu hupewa nakala yake, isiharibu cha wenzake. Lakini mdukuzi akiamuru nakala hiyo itupwe wakati uleule kiini kinapojiandaa kuandika, mabadiliko yaliangukia kwenye faili halisi, hata kama ameruhusiwa kuisoma tu.

Mbona marekebisho ya 2005 hayakudumu?

Linux hiyohiyo huendesha simu, seva na kompyuta kubwa za IBM zinazotumiwa na mabenki. Kompyuta hizo, za aina ya s390, ziliweka mahali tofauti alama ya kuonyesha kwamba ukurasa umeandikwa. Marekebisho yakaleta matatizo huko, yakaondolewa kwa wote. Mwaka 2013 s390 ilibadilishwa na kikwazo kikaisha, lakini tundu lilibaki wazi hadi mtaalamu Phil Oester alipogundua kuwa linatumika kushambulia seva.

Hata dawa ya 2016 haikutosha. Novemba 2017 ilibainika kwamba ilikuwa na kasoro kwenye kurasa kubwa za kumbukumbu, ikabidi irekebishwe tena.

Kwa mtazamo wetu, kosa la 2005 halikuwa kuondoa marekebisho yaliyoleta madhara. Kosa lilikuwa kuliacha tatizo bila wa kulifuatilia.

Hilo linatuhusu pia sisi wenye simu za Android, kwa kuwa nazo zinatumia kiini cha Linux. Mwaka 2017 kampuni ya Trend Micro iliripoti programu hasidi, ZNIU, iliyotumia tundu hilo kwenye Android, karibu mwaka mzima baada ya dawa kupatikana. Kwa mwenye simu isiyopokea tena masasisho, tundu lililozibwa kwenye kiini bado liko wazi mkononi mwake. Kabla ya kununua simu, ya dukani au ya mtumba, tuulize itapokea masasisho ya usalama hadi lini.