Mulika tumbo la gitaa kabla ya kununua
Kijana wa bendi hapa Silibwet anayetafuta gitaa la umeme lenye tumbo wazi atakutana na mapacha wawili: Gibson ES-335, lililotoka mwaka 1958, na Epiphone Casino la mwaka 1961. Kwa nje ni yale yale: wembamba ule ule, mabega mawili ya mviringo, matundu mawili yenye umbo la herufi f. Mulika tochi ya simu ndani ya tundu, ndipo tofauti itaonekana. ES-335 lina gogo la mti lililopita katikati ya tumbo. Casino ni uwazi mtupu. Gogo hilo huzuia mbao kutikiswa na mngurumo wa spika, kwa hiyo gitaa huvumilia sauti kubwa na noti hudumu. Casino ni jepesi na huitika upesi, lakini likikaribia spika hupiga yowe. Kwa harusi ya hemani yenye spika ndefu kuliko bwana harusi, nasema chukua ES-335. Kwa kurekodi, moyo wangu uko kwa Casino. Uwazi wake unanikumbusha kinubi cha Wakipsigis, na wale wasichana wa Kapkatet ambao mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi mwaka 1950 wakimwimba mwanamuziki wa Marekani Jimmie Rodgers kwa jina la Chemirocha. Sisi Wakipsigis ni watu wa nyuzi tangu zamani. Basi kijana wangu, usinunue rangi wala jina. Chomeka waya, piga, sikiliza, kisha uamue.