Zebaki ni Ile Ile

Wakazi wa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, hawana haja ya kufundishwa zebaki ni kitu gani. Machimbo ya Sekenke yamo wilayani mwao, na sifa yake ni ya siku nyingi: dhahabu ya huko ndiyo iliyotumiwa na Wajerumani mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kutengenezea sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Mchimbaji mdogo huichanganya zebaki na unga wa mawe yaliyosagwa ili inase dhahabu, kisha huichoma ili dhahabu ibaki peke yake. Moshi wake ni sumu, na onyo hilo limekwisha kutolewa mara nyingi.

Jambo la kushangaza ni kwamba mzazi ambaye angemgombeza mwanawe kwa kuichezea zebaki machimboni, aweza kuinunua zebaki hiyo hiyo sokoni, ikiwa ndani ya kopo zuri la krimu, akaipaka usoni asubuhi na jioni. Wazee wetu walisema kwamba uzuri wa mkakasi ukipata maji basi. Uzuri unaoletwa na krimu za kujichubua haudumu hata kiasi hicho, na gharama yake hulipwa na figo.

Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akauliza: mambo ya Kiomboi yananihusu nini mimi? Tunamjibu kwamba yanamhusu sana. Kopo la krimu halina kwao. Huteremshwa bandarini, likapanda basi kwenda Singida au likavuka bahari kwenda Darajani, na anayelinunua huku na huko ni mwananchi mmoja mwenye ngozi moja. Tena dawa ya tatizo hili, kama tutakavyoeleza, imo nusu katika mashamba ya Iramba na nusu katika pwani ya Visiwani.

Kwanza tuseme wazi ni vitu gani tunavyovipinga. Cha kwanza ni zebaki yenyewe. Chumvi za zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake ya asili, na hapo mtu hujiona ameng'aa. Lakini sumu hiyo hupenya ngozi, huingia katika damu, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Cha pili ni haidrokwinoni. Hii nayo hufifisha rangi, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu chini ya jua letu hugeuka adui: ngozi iliyotakiwa iwe nyeupe hupata mabaka ya buluu na nyeusi yasiyofutika kwa urahisi. Afrika Kusini, ambako madhara hayo yaliandikwa na madaktari tangu miaka ya 1970, iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Cha tatu ni steroidi kali, ambazo ni dawa halali mikononi mwa daktari, lakini mikononi mwa muuza krimu huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, ikapasuka michirizi na kushindwa kufunga vidonda. Na mkorogo, ule mchanganyiko unaopimwa kwa kijiko nyuma ya duka, waweza kuwa na vyote vitatu kwa pamoja.

Kuhusu zebaki, dunia imekwisha kutoa hukumu. Katika mji wa Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini. Zikaingia katika samaki, na samaki wakaliwa na wavuvi na watoto wao. Ugonjwa uliotokea ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Watu wa visiwani, ambao samaki ndiye kitoweo chao cha kila siku, hawana budi kuutafakari msiba huo kuliko wengine. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopewa jina la mji huo, ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na Tanzania imeuridhia. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo mwaka 2025, bila kukiacha hata kile kiwango cha sehemu moja kwa milioni kilichokuwa kikivumiliwa. Muda huo umekwisha kufika.

Wala hatuna upungufu wa sheria. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003. Zanzibar ikatunga ya kwake mwaka 2006. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi huko Bara umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, na huku Visiwani kazi hiyo ni ya Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA. Kwa kuwa afya si jambo la Muungano, kuwa na vyombo viwili ni sawa. Lisilo sawa ni kuacha mwanya kati ya vyombo hivyo viwili. Bidhaa iliyokataliwa upande mmoja haifai kupata hifadhi upande wa pili, na mlanguzi anayejua ratiba ya boti kuliko ofisa wa ukaguzi atautumia mwanya huo kila siku.

Hata hivyo, hatutaki kurudia makosa ya zamani. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, lililopiga marufuku nguo fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na krimu za kujichubua. Nia ya kupiga vita kasumba ilieleweka. Lakini vijana wengine wa Dar es Salaam waliligeuza azimio hilo kuwa ruhusa ya kuwashambulia wanawake hadharani, na krimu zikabaki madukani. Somo ni moja: anayemsuta mnunuzi na kumwacha mwagizaji hajaifanya kazi. Binti anayejichubua hakuzuka tu na tamaa hiyo. Ameambiwa na matangazo kwamba weupe ndio uzuri, na sisi wa magazeti hatuna budi kukiri kwamba kurasa za magazeti ya Afrika Mashariki zilibeba matangazo ya krimu hizo kwa miaka mingi. Tunaoandika leo tuna deni la kulipa.

Basi mnunuzi afanye nini? Asome lebo. Kwa kuwa lebo nyingi huandikwa kwa lugha za kigeni, ayajue majina machache: mercury, calomel, mercurio au alama ya Hg ni zebaki, hydroquinone ndiyo haidrokwinoni, clobetasol na betamethasone ni steroidi. Kopo linaloonya kwamba krimu isigusane na dhahabu au fedha linajishtaki lenyewe, maana zebaki hushikamana na madini hayo. Mchimbaji wa Sekenke analijua hilo vizuri. Na kopo lisilotaja viambato vyake kabisa lirudishwe mezani kwa muuzaji.

Baada ya kukataa, tunachagua nini? Hapa ndipo Iramba na Visiwani zinapokutana. Mkoa wa Singida ni nchi ya alizeti. Mafuta yake yana asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo huisaidia ngozi kuhifadhi unyevu wake. Katika hospitali moja mjini Dhaka, Bangladeshi, madaktari waliwapaka mafuta ya alizeti watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na taarifa iliyochapishwa mwaka 2005 katika jarida la The Lancet ilionyesha kwamba maambukizi ya hospitalini yalipungua kwa asilimia 41. Hatusemi kila mama akajaribu nyumbani. Mtoto njiti ni wa daktari. Tunasema tu kwamba mafuta tunayoyadharau kuwa ni ya kukaangia samaki yamepimwa na wataalamu yakaonekana yana faida. Singida ina asali na nta pia. Visiwani kuna nazi, kuna karafuu, na kuna mwani, unaolimwa kibiashara tangu mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, na wakulima wake wengi ni wanawake. Huko Paje akina mama hao wamekwisha kuonyesha kwamba mwani uliosagwa na kutiwa katika sabuni huwa na thamani kuliko ule unaosafirishwa mkavu kwa magunia.

Lakini hapa tunawaonya wasomaji wetu wasije wakadhani kwamba kila kilicho cha asili ni salama. Bibi zetu walijua kupima: liwa ilisagwa kwa maji, karafuu ikatiwa kidogo katika singo la bi harusi. Mafuta halisi ya karafuu yakipakwa matupu huunguza. Maji ya ndimu yakipakwa ngozini kisha mtu akatoka juani huacha malengelenge. Wanja wa jiwe mara nyingi huwa na risasi. Na piko, ile nyeusi inayochorwa mikononi badala ya hina safi, hutokana na dawa ya nywele yenye kemikali ya parafenilindaiamini, ambayo imewababua maharusi na wageni wengi. Haifai kupakwa katika ngozi hata kidogo. Mafuta ya alizeti nayo, yakianikwa juani katika chupa kando ya barabara, huchacha na kupoteza faida yake.

Tena mafuta ya alizeti hayazuii jua. Tunalisema hili kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao kipodozi ni kinga ya uhai. Saratani ya ngozi huwaua wengi wao wangali vijana. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa makao ya utengenezaji wa krimu ya kuzuia jua iitwayo Kilisun, iliyobuniwa hapa hapa nchini kwa ajili yao. Ni aibu kwamba krimu ya sumu yapatikana katika kila mnada, ilhali krimu ya kuokoa maisha hutafutwa kwa safari.

Mwaka 2021 Serikali iliichagua Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, iwe mikoa ya mbele katika kilimo cha alizeti. Wakulima waliitikia. Mwaka 2023 bei ikaanguka, na kilio chao kikafika Bungeni. Mkulima anayemtegemea mnunuzi mmoja wa mbegu daima atakuwa katika hatari hiyo. Soko la sabuni na mafuta ya ngozi halitalimaliza zao lote, lakini ni mlango mwingine, nao unafunguka kwa mtaji mdogo.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa viongozi wahusika wa pande zote mbili. TBS na ZFDA wapeane orodha za bidhaa zilizokataliwa mara tu zinapokataliwa, na orodha hizo zibandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za kata na shehia. Ukaguzi uanzie bandarini na katika maghala ya waagizaji, siyo kwa mama mwenye meza ya makopo sita. Ada za kupima na kusajili sabuni na mafuta ya vikundi vya akina mama zipunguzwe, ili mwenye bidhaa safi asishindwe na mwenye sumu. Krimu ya kuzuia jua ihesabiwe miongoni mwa mahitaji ya kila kituo cha afya, Iramba na Pemba vilevile.

Ngozi nyeusi si kosa linalohitaji kurekebishwa. Ndiyo kinga tuliyopewa dhidi ya jua tulilozaliwa chini yake, na anayeiondoa kwa zebaki ananunua ugonjwa kwa fedha yake mwenyewe. Zebaki ya machimboni na zebaki ya kwenye kopo ni ile ile. Sheria ziwe kali kwa zote mbili.