Teja wa Kike Naye ni Mgonjwa

Kijana wa kiume akinasa kwenye unga, ndugu huchanga ili atafutiwe tiba. Akiwa binti, hufungiwa chumbani au hufukuzwa: "Katuaibisha!" Jamani, aibu haijawahi kumponya mtu.

Tiba ipo. Hapa Dar, Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011, baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke. Ni dawa ya maji, mtu anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, bure. Inatuliza arosto, mtu akaweza kula, kulala na kufanya kazi. Ila kwenye foleni wanaume ndio wengi, akina dada wa kuhesabu.

Kwa nini? Wengine walionjeshwa unga na wapenzi wao, na ndio haohao wanaowanunulia hadi leo. Wengine wana watoto. Nani atabaki nao kila asubuhi? Hata soba nyingi ni za wanaume, kwa hiyo uliza kwanza kama wanapokea wanawake.

Na shoga, sikia hili: unga unaweza kuvuruga hedhi, lakini hauzuii mimba. Akiwa mjamzito, usimfungie ndani aache ghafla. Arosto inaweza kumdhuru yeye na mtoto. Mpeleke kliniki. Methadoni hutumika hata wakati wa ujauzito, na kwa ushauri wa daktari mama ananyonyesha.

Kama ni mdogo wako, msindikize. Kama ana mtoto, mshikie asubuhi akanywe dawa. Hiyo nayo ni tiba.