Simba Amelala, Twendeni Zetu

Ukirudi kazini Jumatatu ukasema ulikuwa mbugani, swali ni lilelile: "Mlimwona simba?" Ukijibu hapana, mwenzako anakupa pole kama ya mtu aliyechomolewa simu Kariakoo. Hela imekwenda. Tumeshakubaliana, bila kikao, kwamba asiyeona simba hajafika mbugani. Huo ni upuuzi, tena upuuzi wenye gharama.

Mwaka jana tulikodi Coaster familia nne, tukaenda Mikumi. Tuliingia getini alfajiri, ukungu bado umelalia uwanda wa Mkata. Hata bwawa la viboko hatujalifikia, simu ya dereva ikaita: simba wameonekana. Basi tena. Twiga zaidi ya kumi tukawapita mbio, "hao wapo tu, hata barabara kuu ya Iringa tutawakuta." Kwenye njia ya vumbi kulikuwa na dundu anasukuma tonge la samadi ya tembo, kichwa chini, miguu ya nyuma juu, anakwenda kinyumenyume na mzigo unaomzidi ukubwa. Binti yangu akapiga kelele, "Baba, mwambie asimame!" Sikumwambia. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa simba tulikuta magari tisa. Na wenyewe je? Wawili, chali chini ya mti, usingizi mzito. Simba anaweza kupumzika hadi saa 20 kwa siku, kwa hiyo hatukuwa na bahati mbaya, tulipata simba wa kawaida kabisa. Tukapiga picha za matumbo, tukageuza.

Hii orodha ya "watano wakubwa" tunayoiimba, simba, chui, tembo, nyati na faru, hawakuitunga wapenzi wa wanyama. Iliachwa na wawindaji wa zama za ukoloni, waliowahesabu wanyama waliokuwa wagumu na hatari kuliko wote kuwinda kwa miguu. Ni orodha ya bunduki. Twiga, mnyama wa taifa letu, hayumo. Nyumbu naye hayumo, na hapo ndipo unapoona orodha isivyo na akili.

Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890, ukafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu. Ng'ombe walipochanjwa, ugonjwa ukakatika hata kwa wanyamapori wa Serengeti, na kuanzia miaka ya 1960 nyumbu wakaongezeka kutoka laki mbili na ushei hadi kupita milioni moja. Midomo hiyo yote ikapunguza nyasi ndefu. Nyasi zilipopungua, moto wa kiangazi ukakosa kuni. Moto ulipopungua, miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Nyumbu ndiye aliyeijenga Serengeti unayoiona kwenye kalenda, na huyo simba anayesifiwa anakula kwa mgongo wake. Sisi tukimwona tunasema, "Aa, nyumbu," dereva anakanyaga mafuta.

Nilisema upuuzi huu una gharama. Muulize duma. Yeye huwinda zaidi mchana, saa zilezile magari yetu yanapozurura. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa Maasai Mara, Kenya, uligundua kwamba penye msongamano wa watalii mama alikuza wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao hadi wakajitegemea, lakini penye watalii wachache alikuza 2.3. Yaani kuzaa mara tano kwa mtoto mmoja. Mama huyo hajui kwamba dereva anayemsogelea anasukumwa na abiria wa nyuma anayetaka picha ya karibu, na ahadi ya bahshishi juu.

Sina ugomvi na simba. Akitokea, mtazame, mtoto amwone, mpige picha. Ninachokataa ni kumfanya risiti, kwamba bila yeye safari haijalipwa. Madereva wetu wanajua mengi kuhusu ndege, nyayo na miti ya dawa, lakini nani anawauliza? Tumewageuza bodaboda wa kutufikisha kwa paka aliyelala.

Na kuna hifadhi ambayo huoni gari hata moja likimkimbilia simba, kwa sababu humo unatembea kwa miguu. Milima ya Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu 1992. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 kwa hatua tatu, na njiani mbega mwekundu wa Udzungwa anaruka juu ya kichwa chako. Humo pia yumo mangabe wa Sanje, ambaye wanasayansi walikuja kumjua mwaka 1979 tu na ambaye nje ya milima hiyo humpati kokote duniani.

Ukitoka Dar, ukifika Mikumi mjini, mwambie dereva akunje kushoto, barabara ya Ifakara.