Waacheni mabinti wanyanyue vyuma

Wazee wenzangu hapa Muscat wanalalamika kuwa mabinti wanakwenda jimu "kutafuta shepu." Kwangu mimi, waende. Tena walipiwe ada. Binti asiyekwenda jimu hajaacha kuitaka hiyo shepu. Anaitafuta kwa njia nyingine, na njia hizo ndizo zinazonitisha.

Mjukuu wa shoga yangu, miaka 19, alikatazwa na baba yake kujiunga na jimu ya wanawake watupu. Haya. Akaagiza sirapu kwa simu, ikaletwa mlangoni kama chakula. Ndani yake mna cyproheptadine, dawa ya mzio inayotia njaa na usingizi. Mtoto akawa anasinzia darasani, usiku anakula, na unene wote ukaenda tumboni. Mama yake akadhani ana mimba! Siku tatu nyumba ile ilikuwa matanga. Dawa haiwezi kuyaelekeza mafuta yakae wapi, hilo mtu huzaliwa nalo.

Wenye pesa wanakwenda kwa kisu: mafuta yanafyonzwa tumboni, yanachomwa makalioni. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo Uingereza kiliwashauri wanachama wake waache kabisa kazi hiyo, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye mshipa mkubwa wa damu huenda mpaka mapafuni, na mtu hufa.

Sasa linganisheni na vyuma. Msuli mkubwa kuliko yote mwilini ni wa makalio, na msuli ni kama mwanafunzi: ukimpa hesabu ileile kila siku, haendi mbele. Uzito lazima uongezwe kidogo kidogo. Binti anachuchumaa na chuma mabegani. Au anaegemeza mgongo kwenye benchi, anaweka chuma juu ya nyonga, anainua nyonga mpaka zilingane na magoti. Mara 8 hadi 12, apumzike, arudie mara tatu; siku 2 au 3 kwa wiki. Ale mayai, samaki, maharage, siyo chai na mandazi tu, na alale vizuri, maana msuli hujengeka wakati wa kupumzika. Asubiri miezi. Wale wa video wanaoahidi makalio kwa wiki 2 wanauza taa na suruali ya kubana. Na mifupa haibadiliki: mwenye nyonga nyembamba atabaki nazo, ila zitakuwa na nguvu.

Mnasema si heshima. Heshima gani inayovunjwa ndani ya chumba cha wanawake, na nje binti kavaa abaya yake? Masista waliotusomesha sekondari walitutoa uwanjani kukimbia, na sikusikia baba wa Kiislamu hata mmoja akilalamika. Bibi zetu walikuwa na kinu na mchi, ndoo ya maji kichwani, na harusini chakacha, nyonga zinafanya kazi kuliko mashine yoyote. Sisi huku tunatoka kwenye ubaridi wa nyumba tunaingia kwenye ubaridi wa gari, kuna lifti, kuna msaidizi wa kazi, halafu tunashangaa sukari inapanda.

Nanyi mama zao msikae pembeni. Hedhi ikishakatika mifupa hupungua nguvu haraka, na mazoezi ya uzito husaidia kuilinda. Shirika la Afya Duniani linataka kila mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu walau siku 2 kwa wiki, halikusema wasichana tu. Mwenye presha au goti bovu amuone daktari kwanza. Kisha aanze na kiti cha jikoni: kaa, inuka bila kushika kitu, mara 10. Mimi hufanya baada ya swala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Ikiwa nyepesi, shika chupa ya maji ya lita moja na nusu kila mkono.