Kadi ya Grafiki: Ni Lini Kuibadilisha Si Israfu?

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad. Wiki hii tunazungumzia ombi ambalo wazazi wengi wa Morogoro wenye vijana vyuoni wamekwisha kulisikia: “Baba, kompyuta inahitaji kadi mpya ya grafiki.” Mzazi asiyeijua kadi hiyo ama hukataa kwa kuogopa kudanganywa, ama hukubali kwa kuogopa kumkwamisha mwanawe. Majibu yote mawili hayakusimama juu ya elimu.

Kadi ya grafiki ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta. Kuandika ripoti, kupanga hesabu za duka, kutazama darsa na kusoma habari kwenye intaneti ni kazi ambazo kompyuta ya kawaida huzimudu bila kadi ya ziada. Wanaoihitaji hasa ni wachoraji wa majengo, wahariri wa video, watengenezaji wa picha za pande tatu, na wapenzi wa michezo ya kompyuta. Basi swali la kwanza liwe hili: ni kazi gani inayokwama?

Jibu lina kipimo chake. Kijana aifanye kazi hiyo mbele ya mzazi wake huku akifungua Task Manager ya Windows. Mstari wa GPU ukikaribia asilimia 100 ilhali prosesa, RAM na diski zimetulia, ombi lake lina haki. Lakini mwanafunzi anayechora ramani za misitu ya Uluguru huenda akakuta kwamba kilichojaa ni RAM, au kwamba diski ya zamani ndiyo inayomchelewesha. Hicho ndicho kibadilishwe, na mara nyingi gharama yake ni nafuu zaidi.

Pili, tuangalie kama kadi itaingia. Katika kompyuta mpakato nyingi, kadi imeunganishwa na bodi moja kwa moja na haibadilishwi. Kompyuta nyembamba za mezani, zile zilizotumika maofisini na kuletwa kwetu, zina kasha finyu na pawa saplai dhaifu. Tundu la bodi huipa kadi wati 75 tu. Kadi inayozidi hapo huhitaji waya wake kutoka kwenye pawa saplai. Isitoshe, kadi inayoongeza matumizi kwa wati 200, ikitumika saa nne kila siku, hula uniti 24 za LUKU kwa mwezi. Hiyo nayo ni sehemu ya bei.

Tatu ni wakati wa kununua. NVIDIA ilitoa vizazi vipya mwaka 2018, 2020, 2022 na 2025. Kila kizazi kipya kinapotoka, wenye cha zamani huanza kuuza. Hapo ndipo mwenye subira hupata. Hata hivyo, bei haishuki daima. Mwaka 2021 kadi ziliadimika duniani na bei zikapaa. Sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi hizo Septemba 2022, kadi zilizotumika zilimwagika sokoni. Asiyekwama leo na asubiri. Aliyekwama kweli, ambaye kazi yake inamwingizia riziki, asipoteze miezi sita akivizia punguzo dogo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme kadi ni shilingi 360,000 na itatumika miaka mitatu: hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Je, kazi inayoongezeka inazidi kiasi hicho? Ikiwa ni ya michezo tu, tuiweke kwenye fungu la burudani, baada ya ada, chakula na kodi ya nyumba.

Kwa anayenunua kadi iliyotumika, akumbuke kisa mashuhuri cha Mtume (s.a.w.) aliyetia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini, akamkemea muuzaji. Muuzaji aseme kama kadi ilichimbia sarafu au imewahi kutengenezwa. Mnunuzi aijaribu ikifanya kazi nzito hadi ipate moto, na wakubaliane siku za hiari ya kurudisha. Kwa anayepanda treni ya SGR kwenda Kariakoo, sharti hilo lina uzito zaidi, kwani nauli ya kurudi kulalamika nayo ni hasara.

La mwisho, na ndilo zito: kadi isinunuliwe kwa mkopo wa riba, wala kwa ile iitwayo kausha damu. Hakuna kasi ya kompyuta inayofidia baraka iliyoondoka nyumbani. Surat al-Furqan inawasifu watumiao bila kupindukia na bila ubahili, wakisimama katikati. Mzazi anayempimia mwanawe hivyo humfundisha jambo litakalodumu kuliko kadi yoyote.

Allah atujaalie kuwa miongoni mwao. Amin.