Tumerithi Gunia

Darasani, kwenye somo la usalama wa taifa, mhadhiri alichora safu mbili ubaoni: vita dhidi ya waasi ambavyo serikali zilishinda, na vile zilivyoshindwa. Algeria na Vietnam zikaenda upande wa kushindwa. Malaya na Kenya zikaandikwa upande wa ushindi. Wenzangu wakanakili. Mimi nilishindwa, maana nilimkumbuka nyanya yangu, ambaye sote nyumbani tunamwita Cucu.

Mwaka 1954 Cucu alikuwa na miaka 9. Boma la baba yake lilichomwa, familia ikahamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki lililojaa vijiti vya mianzi vilivyochongwa. Zaidi ya watu milioni 1 walihamishwa namna hiyo. Mbinu yenyewe Waingereza walikuwa wameitumia Malaya tangu 1950, chini ya mpango wa Jenerali Harold Briggs. Baadaye ilipewa jina tamu: kuteka nyoyo na akili za watu. Cucu hana jina tamu. Anasema walifungwa, basi.

Haya, tuukague ushindi huo. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, majeshi yalizingira Nairobi na kuwapitisha maelfu ya watu mbele ya wasaliti waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Gunia likitikisa kichwa, unapelekwa kizuizini. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957. Msituni vita vilikuwa vimekwisha. Lakini Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, na maafisa wakasingizia maji waliyokunywa. Uongo huo ulipofichuka, Bunge la London likawaka moto. Januari 1960, huko Lancaster House, Uingereza ikakubali kwamba Kenya itatawaliwa na Waafrika walio wengi. Jeshi lilishinda msitu, serikali ikapoteza nchi. Huo ni ushindi wa nani?

Sisemi haya ili kumlaani mkoloni. Mwaka 2013 Uingereza yenyewe ilieleza majuto na kukubali kuwalipa wahanga 5,228. Ugomvi wangu ni na sisi. Tulimfukuza mkoloni, tukabaki na mbinu zake.

Desemba 1963, uhuru haujamaliza mwezi, serikali yetu ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Kufikia 1966 wafugaji walikuwa wakisukumwa kwenye vijiji vya kulindwa, kama alivyosukumwa Cucu. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga waliotenda maovu katika vita hivyo wasidaiwe fidia. Februari 1984 wanaume wa Degodia walikusanywa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir. Serikali ilikiri vifo 57. Manusura wanataja mamia. Aprili 2014, katika msako wa Usalama Watch, maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na wengi wakafungiwa kwenye uwanja wa Kasarani. Safari hii hapakuwa na gunia. Sura na kitambulisho vilitosha.

Utaniambia ni rahisi kusema ukiwa darasani; Al-Shabaab ni adui wa kweli, na Westgate si hadithi. Nakubali. Ndiyo maana nauliza kama msako ulitulinda. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja wa washambuliaji alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera. Nyavu zilizotupwa Eastleigh hazikuwa zimetengenezwa kumnasa mtu kama huyo. Aliyeonya kwamba kijana ametoweka alikuwa baba yake mzazi.

Kwangu, somo la vita hivi vyote liko kwa baba huyo. Habari inayozuia shambulio hutoka kwa jirani, kwa mama, kwa imamu, kwa mtu anayeamini kwamba akiripoti mmoja hawatachukuliwa kumi, na kwamba mwanawe atafikishwa mahakamani badala ya kupotea. Ukiiadhibu jamii nzima, unamziba mdomo mtu huyo, kisha unalalamika kwamba wenyeji wanaficha magaidi. Gunia lilihitajika 1954 kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema akiwa uso wazi.

Kwa hiyo kila sera mpya ya usalama ipimwe kwa swali moja kabla ya kuhesabiwa waliokamatwa: baada ya msako huu, je, mama wa Mandera atakuwa tayari zaidi kumripoti mwanawe, au atanyamaza? Na manusura wa Wagalla walipwe, kwa sababu mama huyo anaangalia tunavyowatendea.

Jioni ile nilimpigia Cucu simu, nikamwambia kwamba darasani Kenya imewekwa upande wa walioshinda. Aliuliza, "Kwani sisi tulikuwa upande gani?"